Kulabu ya Uppenkamp

Shambani Uppenkamp, Münsterland
2 Februari 1875

Kwa shemeji Gerd, huko Missouri.

Salamu nyingi kama punje za shayiri ghalani. Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ng'ombe wazima, na mimi mzima kuliko wote. Nimetimiza miaka sabini na bado napandisha gunia darini bila kupumzika ngazini, vijana wananitazama midomo wazi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Zamani alikuwa akikuandikia dada yako Stina, mimi natia msalaba tu chini. Stina tumemzika Novemba, kifua kilimshinda. Alikwenda kanisani kwa gari letu na farasi wetu wawili, na watu walikuwa wengi hata mlango wa kanisa haukufungika. Baada ya mazishi nikamwambia mtunza kanisa anifundishe herufi. Akasema, mzee, kichwa chako kimekauka. Nikamwambia kuni kavu ndizo zinazoshika moto upesi. Basi soma uone.

Sasa neno lenyewe. Binti yetu Drüke ameolewa na Klemens, kijana wa kwa Tegeler, na Krismasi amezaa mtoto wa kiume. Klemens amekuja kukaa hapa kushika shamba. Kwa hiyo siku ya harusi nilimshika mkono nikamzungusha moto wetu ulio katikati ya sakafu mara tatu, chini ya ile kulabu ya kutundikia chungu, mbele ya majirani, kama baba yako alivyonizungusha mimi. Akaanza Tegeler, akamaliza Uppenkamp. Ndivyo ilivyo tangu boriti ya mlangoni ilipochongwa. Jina ni la shamba. Anayelima ndiye anayeitwa, na anayeondoka analiacha msumarini pamoja na kofia ya kazi.

Padri alikuwa akiandika hivyo hivyo bila maneno mengi. Lakini sasa wakubwa wa serikali huko Berlin wametuletea mjini ofisi yao ya kuandika vizazi na vifo, na karani wake, kijana wa masharubu kama mswaki, amekataa. Anasema jina ni la damu. Mtoto ni Tegeler, baba yake Tegeler, na mimi ati ni Hövener kama nilivyozaliwa! Karibu miaka arobaini naitwa Uppenkamp, hata ng'ombe wanajua. Nikamuuliza, basi Uppenkamp ni nani? Akapekua makaratasi yake, akasema, "Aliyebaki ni mmoja, mzee. Gerhard. Yuko Marekani."

Shemeji, nilishikwa na kikohozi cha hasira. Wewe! Uliyeruka dirisha kukimbia jeshi, ukaacha hata kofia! Na nasikia kwa waliorudi kwamba umeandika jina letu kwenye lango lako huko. Lifute. Kisha iandikie ofisi hii kwamba ulipoondoka jina uliliacha hapa na huna dai nalo. Karani amesema akipata neno lako kwa maandishi atalifikiria. Bila hilo, siku nikifa hapatakuwa na Uppenkamp shambani Uppenkamp. Mwacha asili ni mtumwa, nawe uliiacha dirishani.

Ni mimi shemeji yako,
Jobst Uppenkamp

*

Kando ya mto Osage, Missouri
20 Aprili 1875

Kwa shemeji Jobst Hövener.

Ndiyo, nimeandika Hövener. Kunywa maji kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Hapa hatujambo, mahindi yamechipua, mke wangu anakusalimu. Barua yako imefika na doa la mafuta ya nguruwe, nami niliinusa kabla ya kuisoma. Habari ya Stina ilinikalisha chini. Tumemsomea misa, wakaja wazee wote wa kwetu, maana bonde hili limejaa watu wa Münsterland hata mbwa wanabweka kwa lugha yetu. Baba aliponifungia ghalani, Stina ndiye aliyenipitishia soseji chini ya mlango. Basi, sisemi zaidi.

Ama habari ya jina: sifuti, wala siandiki. Wewe ulikuja kwetu kutafuta kazi, una nguruwe jike mmoja kwenye kamba na viatu vya mti vilivyopasuka. Nakumbuka, kwa sababu mimi ndiye niliyekufungulia lango. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, shemeji. Mimi nilizaliwa katika kile kitanda cha ukutani, na baba yangu humo humo, na babu yangu humo humo. Jina liko mwilini, halitundikwi msumarini. Nilivuka nalo bahari. Melini nilitapika kila nilichokuwa nacho, isipokuwa hilo.

Na mwanangu Hermann yuko St. Louis, karani wa duka kubwa, kola nyeupe kila siku, si Jumapili tu. Wanawe watakuwa Uppenkamp, na wana wao. Huyo karani wako wa masharubu ana akili. Mpe salamu zangu.

Shemeji yako,
Gerd Uppenkamp, wa damu

*

Shambani Uppenkamp
8 Septemba 1875

Kwa shemeji Gerd mtoro.

Hujambo? Mimi sijambo. Nimekunywa maji kama ulivyosema, kisha nikanywa kitu chenye nguvu zaidi. Shayiri imekuwa nzuri, kila mtu anauliza nimeipandaje, nami simwambii mtu.

Nikueleze nilichofanya, ili ujue unagombana na nani. Serikali inataka kila gari la farasi liwe na kibao cha jina la mwenye gari. Mwezi uliopita amekuja askari akamwambia Klemens aandike Tegeler. Klemens ni mpole, ukimkanyaga anakuomba radhi. Akaandika. Mimi nikachukua randa nikalifuta, nikashika patasi nikachonga UPPENKAMP, herufi kubwa kama kwato. Askari akarudi.

"Mzee Hövener, nani amechonga hapa?"

"Hövener alikufa zamani. Nilimzika mwenyewe."

"Usinifanyie mchezo, mzee. Gari hili la nani?"

"Limeandikwa. Au hukusoma shule? Mimi nimejifunza juzi tu, nikufundishe?"

"Nitakuweka ndani!"

"Niweke. Lakini uandike sawasawa jina la mtu uliyemweka."

Basi wakanichukua. Na unafikiri ikawaje? Gari lao lilikuwa limevunjika gurudumu, wakalazimika kunipeleka kwa gari langu mwenyewe. Nimepita soko zima nimekaa chini ya kibao changu, na mji mzima ukakisoma. Wanawake wa mboga walipiga makofi. Jelani si kubaya. Siku hizi Berlin wanafunga hata mapadri wasiotii sheria zao za kanisa, kwa hiyo nilikuwa na watu wa heshima, na tuliimba nyimbo za kanisa hata mlinzi akaomba tupunguze.

Nilipotoka, Drüke alilia. "Baba, unatuaibisha. Jina si mkate, hatuli jina."

Nikamwambia, "Mwanangu, aibu ni kuitwa jina ambalo hata mbwa wako hageuki ukiitwa."

Klemens alikuwa pale anashona hatamu. Nikamgeukia, "Nawe? Wewe ni nani?"

Akasema, "Baba, ukiniita kutoka kondeni, naitika. Kwenye ofisi sijui."

Kibao wamekichukua. Nachonga kingine. Nawe liandike lile neno. Sikuombi. Nakuamuru, mimi mwenye nyumba uliyozaliwa ndani yake.

Shemeji yako,
Jobst Uppenkamp

*

Shambani Uppenkamp
17 Januari 1876

Shemeji,

Salamu. Umenyamaza. Kibao cha pili wamekichukua, cha tatu nimekipigilia kwa misumari ya kiatu cha farasi, wakikitaka wakichukue pamoja na farasi.

Umekufa? Kama umekufa niambie, nimsomee mtu misa.

Jobst

*

Mto Osage
30 Aprili 1876

Kwa shemeji Jobst.

Nakusalimu, wewe na Drüke na mumewe na mtoto. Sijafa. Nilijua ningekufa ungefurahi, kwa hiyo nimekataa.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema jambo hili. Sikuipata, basi nalisema hivi hivi. Hermann alikuja Krismasi na mkewe na mtoto. Mezani akatoa kadi mfukoni, zile za kuwapa wateja, akampa mama yake aione ilivyo nzuri. Imeandikwa Herman Camp.

Nikauliza, "Huyu nani?"

"Ni mimi, baba. Jina letu linawakwama Wamarekani kooni. Tajiri wangu anasema fupi linauza."

"Na huyu mtoto?"

"Naye Camp, baba. Tumekwisha kumbatiza. Usikasirike, damu ni ile ile."

Damu ni ile ile! Ameniambia maneno yangu mwenyewe, shemeji, nikiwa na kipande cha nyama mdomoni. Nilitoka nje nikapasua kuni za kututosha hadi mavuno. Nilipoingia walikuwa wamekwenda kituoni.

Amebaki Lisbet, kitinda mimba wangu. Anaolewa na Muairishi aliyekuja kujenga reli, jina lake Mulqueen, mwekundu kama karoti, mchapakazi, hana baba wala mama. Ndiye atakayeshika shamba hili. Nikifa atashusha kibao cha langoni atundike chake, na atakuwa na haki.

Haya, cheka. Nimekaa kwenye kiti nakungoja ucheke.

Shemeji yako,
Gerd

*

Shambani Uppenkamp
11 Septemba 1876

Kwa shemeji Gerd.

Hujambo? Sisi wazima, mtoto anatembea, ananifuata kama bata. Wino wangu ulikauka hata buibui wakahamia chupani, lakini nimeuzimua kwa pombe kali.

Nimecheka. Siku ya kwanza nilicheka hata farasi wakashtuka. Siku ya pili nilicheka kidogo. Siku ya tatu sikucheka, nikaenda kukaa kando ya moto.

Nako motoni kuna mambo. Drüke anataka jiko la chuma lenye bomba, kama la mke wa daktari. Anasema moshi unamuumiza mtoto macho. Nimemwambia mimi nimekaa kwenye moshi huu maisha yangu, ndiyo sababu sijaoza, niulizeni mimi na mapaja ya nguruwe yaliyotundikwa darini. Lakini amekwisha kuliagiza. Fundi akaja kupima, akatazama kulabu yetu juu ya moto, ile yenye meno ya kupandisha na kushusha chungu, akasema, "Hii sasa ni ya muuza chuma chakavu."

Nikamwambia, "Chakavu ni wewe." Nikapanda kwenye kigoda nikaishusha mwenyewe, nikaikalia. Nimekula chakula cha mchana juu yake. Klemens alitaka kuniondoa, akaniangalia usoni, akaniletea mto.

Hapo ndipo nilipofikiri, na mimi nikifikiri nafikiri kweli. Karani anatuma askari wachukue vibao. Vibao anavijua. Kulabu haijui, hajapata kuiuliza jina. Kwa hiyo naitoroshea kwako. Inakuja na mtoto wa jirani yetu anayepanda meli huko Bremen. Ni nzito, amelalamika tangu langoni, usimsikilize.

Sasa sikiliza vizuri kwa sababu sirudii. Mchukue huyo karoti wako. Mpe mkate mweusi mzima aushike kwapani. Mshike mkono wa kulia, umzungushe moto mara tatu, jua linavyokwenda, kulabu ikiwa juu ya moto na chungu kikiwa kwenye kulabu. Useme: Moto huu ndio nyumba, nyumba hii ndiyo jina. Basi. Ataanza vile alivyo, atamaliza Uppenkamp. Damu yako imejiita Camp, shemeji. Moto haujiiti Camp.

Huku tutabaki salama. Klemens alikwisha kuzungushwa, na aliyezungushwa hazungushwi kinyumenyume, hata na Berlin.

Usinishukuru. Sikupi wewe. Nampa Muairishi.

Shemeji yako,
Jobst Uppenkamp

*

Mto Osage
14 Januari 1877

Kwa shemeji Jobst.

Heri ya mwaka mpya, wewe na wote walio chini ya paa lile. Kulabu imefika. Kijana wa jirani yako ameinyanyua mpaka mlangoni kwangu, akaitupa, akaomba maji, akaondoka bila kuaga. Niliishika. Ina lile jino lililopinda, nililolipinda mimi kwa kujining'iniza nikiwa mtoto. Baba alinichapa kwa ajili ya jino lile.

Tatizo moja, ambalo wewe mwenye akili zote hukulifikiri: huku moto uko ukutani. Mtu akiuzunguka atatokea kwenye banda la kuku. Tukangoja siku ya kuchinja nguruwe. Uani tukasimamisha magogo matatu, tukatundika kulabu, na kwenye kulabu chungu kikubwa cha maji ya moto ya kunyonyolea nguruwe. Majirani walikuwapo wote na visu vyao.

Nilimweleza Mulqueen habari yote. Nilidhani atanicheka. Akakuna kichwa, akasema, "Mzee, kwetu watu huzunguka kisima cha mtakatifu wakaomba mambo makubwa. Mimi sina baba aliyenipa kitu. Nizungushe."

Basi nikamshika mkono, mkate kwapani. Wazee wakavua kofia, na mmoja akasema kwa sauti, "Angalia, kwa Uppenkamp wanapokea mtu!" Maneno nilianza kuyasema mimi, Lisbet akayamalizia. Na nikuambie jambo jingine, kwa kuwa litakufikia tu kwa midomo ya watu: katika mzunguko wa tatu sikuachia mkono wake. Nilizunguka naye mpaka mwisho. Sikutaka kubaki nje peke yangu.

Tulikwenda mjini. Karani wa hapa alikuwa anatafuna tumbaku. Akauliza, "Jina?" Mulqueen akasema, "Uppenkamp." Karani akatema, akaandika. Nchi hii ina mabaya yake, lakini makarani wake hawamuulizi mtu alizaliwa kitanda gani.

Ndani ya barua hii utakuta karatasi nyingine. Ni lile neno ulilolitaka. Nimeandika kwamba Uppenkamp ni yule anayelima pale, na kwamba nilipoondoka yeye hakuondoka. Mpelekee yule wa masharubu.

Shemeji yako,
Gerd Uppenkamp, wa kuzungushwa

*

Shambani Uppenkamp
19 Machi 1877

Kwa shemeji Gerd.

Salamu kwako na kwa Uppenkamp mwekundu. Kifua kimenikamata kidogo, niko kitandani, kile kitanda chako cha ukutani. Si ugonjwa, ni mapumziko. Nilifanya kazi ya watu watatu, sasa hao watatu wanapumzika kwa pamoja.

Karatasi yako nilimpelekea karani kabla ya kulazwa kitandani hapa. Akaisoma yote, akaikunja, akasema, "Mzee Hövener, maneno mazuri, lakini sheria ni sheria."

Nikamwambia, "Kijana, hivyo ndivyo maji ya mafuriko yanavyosema kila mwaka yakifika kwenye kizingiti chetu. Kizingiti bado kipo." Nikaondoka bila kuvaa kofia mpaka nje, aone kichwa changu kilivyo juu.

Drüke anauliza wataandika nini kwenye jiwe langu, maana ofisi inataka Hövener. Nimemwambia wamchongee Hövener wanachotaka. Mimi simo humo.

Klemens nimempa kazi moja tu. Siku hiyo aende mizingani, agonge kila mzinga kwa ufunguo wa nyumba, awaambie nyuki: Bwana wenu Uppenkamp amekufa, bwana wenu Uppenkamp amekuja. Nyuki wasipoambiwa wataondoka. Na akiwaambia Tegeler watasema, Tegeler ndiye nani? Ameniangalia kwa yale macho yake ya upole. Kisha akaiinamia hatamu yake, akaendelea kushona.

Jiko la chuma linatoa joto zuri. Usimwambie Drüke nimesema hivyo.

Shemeji yako,
Jobst Uppenkamp

*

Mto Osage
10 Juni 1877

Kwa Uppenkamp.

Mwanangu, hujambo? Drüke hajambo, na mtoto? Sisi hapa wazima, na Lisbet ni mjamzito.

Barua ya msiba, yenye ukingo mweusi, imefika. Imetiwa sahihi na mtu aitwaye Tegeler. Nimeuliza bonde zima, hatumjui. Lakini yaliyoandikwa ndani yalikuwa ya nyumbani kwetu, jinsi mzee alivyogombana na daktari hadi saa ya mwisho, jinsi alivyotaka avalishwe viatu vya kondeni, nikakisia ni wewe. Mtu huyo Tegeler ananiambia ofisi imemwandika marehemu Hövener. Hövener alikufa zamani, yeye mwenyewe alimzika. Sisi tumemlilia mwingine.

Nina mizinga michache nyuma ya nyumba. Nilikwenda na karoti wangu, tukagonga. Nikasema, bwana wa shamba lile la kwanza amekufa, yuko mwingine. Nyuki wa huku hawajapata kumwona, lakini walitulia wakasikiliza. Barua yako haisemi kama uliwaambia wa kwenu. Labda ulingoja kuona kama una ruhusa ya kujiita. Najua wewe ni mtu wa amani, nawe umeachiwa vita.

Basi nimekufanyia jambo dogo. Itazame bahasha ya barua hii. Nimeandika Uppenkamp, na chini yake Uppenkamp, mara moja jina na mara moja shamba. Tegeler sikuandika popote. Imetoka hapa, imepita Bremen, imepita mikononi mwa makarani wa mfalme na mihuri yao, na mwisho tarishi wa serikali ile ile amevuka kijito, akapita nyumba zote nyingine, akakukabidhi wewe mkononi.

Hakukosea mlango. Kama unasoma maneno haya, Berlin wamekwisha kukuita.

Chukua ufunguo uende mizingani. Na ukinijibu, tia sahihi ya jina alilolisoma tarishi.

Mjomba wenu,
Gerd Uppenkamp